Upepo wa Tairi Wakati wa Mvua: Somo kwa Wenye Pikapu

Leo twaleta mbele yenu somo la jambo ambalo wengi hulidharau kwa kuwa halionekani kwa macho, nalo ni upepo uliomo ndani ya tairi la gari. Mwenye pikapu hutazama mafuta, hutazama maji, hutazama breki. Lakini upepo huuacha mpaka tairi limelala chini. Kumbe gari zima, pamoja na mzigo wake na watu wake, limekaa juu ya upepo huo.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa Nyahanga na nchi yote ya Kahama. Hapa kwetu njia ni za namna mbili. Iko barabara kuu ya lami, ipitayo Kahama kuelekea Rwanda na Burundi, ambayo malori makubwa huifuata mchana na usiku. Tena ziko njia za udongo ziendazo vijijini, penye mashamba ya mpunga na pamba, na machimboni kwenye dhahabu. Pikapu moja kwa siku moja huzipita zote mbili: asubuhi imo topeni ikichukua mpunga, adhuhuri imo juu ya lami ikikimbilia mjini. Na usiku wa siku iyo hiyo huenda ikaamshwa kumpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Mvua zetu huanza yapata Novemba zikaendelea mpaka Aprili au Mei, na katika miezi hiyo upepo wa tairi huwa jambo la kufa na kupona.

Madereva wetu wana desturi mbili. Wa kwanza husema kwamba tairi gumu ndilo lichukualo mzigo, basi hujaza mpaka tairi lilie kama ngoma. Wa pili, mvua ya kwanza inyeshapo, hutoa upepo ili tairi lishike tope, kisha huliacha hivyo hivyo mpaka kiangazi. Kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo imdhuruyo. Kweli yote ni hii: upepo huchaguliwa kwa kutazama mambo matatu, yaani uzito wa mzigo, namna ya ardhi, na mwendo wa gari. Moja likibadilika, hatuna budi kuutazama upepo tena.

1. Kazi ya upepo

Zamani magurudumu yalikuwa ya mti na chuma, au ya mpira mgumu usio na kitu ndani. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Uskoti alipata hati ya gurudumu la upepo, lakini watu hawakulishika. Mwaka 1888 mganga wa mifugo aliyekaa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu, na tangu hapo likaenea duniani kote.

Upepo hupimwa kwa ratili katika kila inchi moja ya mraba. Katika vipimo vingi huandikwa herufi PSI. Vingine huonyesha bar, na bar 1 ni sawa na ratili 14 na nusu. Hesabu yake si ngumu. Tuseme gurudumu moja limechukua uzito wa ratili 1,050, yaani kilo 476 hivi. Likiwa na upepo wa ratili 35, sehemu igusayo ardhi itakuwa yapata inchi 30 za mraba, kwa kuwa 1,050 ukigawa kwa 35 wapata 30. Ukipunguza upepo mpaka ratili 21, sehemu ile yafika inchi 50. Hesabu hii si kamili, maana kuta za tairi nazo huchukua uzito kidogo. Lakini yatosha kuonyesha kwa nini upepo mdogo hulitandaza tairi, na upepo mwingi hulisimamisha juu ya kipande kidogo tu.

Sasa twaona faida na hasara. Tairi lililojazwa kupita kiasi hushika njia kwa katikati tu. Huruka-ruka juu ya makorongo madogo ya barabara, breki zake hazikamati vizuri, na jiwe kali hulipasua upesi. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja kila lizungukapo. Kitu kikunjwacho mara nyingi hupata moto, kama waya ukunjwao mkononi mpaka ukakatika. Moto ule ukizidi, nyuzi za ndani huachana na mpira, na tairi hupasuka gari likiwa katika mwendo.

2. Karatasi ya mlangoni

Kiasi cha upepo hakikisiwi, wala hakiulizwi kwa jirani mwenye gari la namna nyingine. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo yake. Katika magari mengi utaona karatasi iliyobandikwa na waliolitengeneza gari. Hapo wameandika ukubwa wa tairi, upepo wa mbele na upepo wa nyuma, na mara nyingi kiasi kingine cha gari lililopakiwa. Kama haipo, tafuta katika kitabu cha gari.

Wengi hukosea kwa kusoma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Namba ile ni mpaka wa juu ambao tairi lenyewe haliruhusiwi kuupita. Siyo kiasi kinacholifaa gari lako.

Tena yafaa kujua kwamba namba za karatasi ni za tairi lililopoa. Tairi lililopoa ni lile lililosimama kivulini muda wa saa tatu au zaidi, au alfajiri kabla ya safari. Baada ya mwendo upepo wa ndani hupata moto, na kipimo huweza kupanda ratili nne au zaidi. Usiutoe upepo huo wa moto ukidhani umezidi, maana tairi likipoa litakuwa limepungukiwa.

3. Mzigo

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tuufanyiavyo mzigo wa tairi: mwenye gunia lake hulirusha nyuma ya pikapu, naye humwona dereva akataaye kuwa ni mtu wa choyo.

Pikapu nyingi zitumikazo kwetu zimefanywa kuchukua mzigo wa tani moja hivi. Gunia la mpunga likihesabiwa kilo 100, basi magunia 10 yamekwisha kuijaza. Lakini gunia letu mara nyingi ni la lumbesa, lenye kilemba cha nyongeza juu ya mdomo, nalo hupita kilo 100. Kisha juu ya magunia hukaa watu. Mtu aliyehesabu magunia 10 akasema “tani moja” amejidanganya nafsi yake, tairi halidanganyiki.

Uzito huo karibu wote huangukia magurudumu ya nyuma. Tuseme pikapu tupu inaweka kilo 750 juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Ukiongeza kilo 950 za mzigo, jumla yapata kilo 1,700, yaani kilo 850 kwa kila tairi. Hapa yapasa kutazama namba nyingine ubavuni, iliyoandikwa baada ya ukubwa wa tairi pamoja na herufi moja. Namba 100 maana yake tairi laweza kuchukua kilo 800. Namba 112 maana yake kilo 1,120. Basi tairi la namba 100, hata likiwa jipya na zuri, halifai katika pikapu hiyo tuliyoihesabu, na hakuna upepo utakaolifanya lifae.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia, ongeza upepo wa nyuma ufike kiasi kilichoandikwa kwa gari lenye mzigo. Ukiisha kushusha, tairi likapoa, urudishe kiasi cha gari tupu, maana pikapu tupu yenye nyuma ngumu huteleza upesi juu ya lami iliyolowa.

4. Joto, baridi, na matairi ya nchi za theluji

Upepo hunywea kwa baridi na kutanuka kwa joto. Kanuni rahisi ni hii: joto la hewa likipungua nyuzi 6 hivi za Selsiasi, upepo wa tairi hupungua yapata ratili moja. Katika Juni na Julai alfajiri zetu huweza kuwa za nyuzi 16, na mchana zikafika 30. Tofauti hiyo peke yake ni ratili mbili na zaidi. Mtu aliyejaza ratili 34 mchana, tairi likiwa la moto kwa safari, asistaajabu akikuta ratili 28 alfajiri. Hakuna mwizi aliyeingia usiku. Yeye ndiye aliyepima saa isiyofaa.

Jambo hili ni kubwa zaidi katika nchi za theluji. Huko dereva akijaza upepo ndani ya nyumba yenye nyuzi 20, kisha akatoka nje penye nyuzi 10 chini ya sifuri, atapoteza ratili tano hivi kabla ya kwenda hatua moja. Kwa hiyo watu wa huko hukagua upepo mara nyingi zaidi wakati wa baridi, nao huweka matairi ya namna yake, ambayo mpira wake ni laini ili usikakamae katika baridi iliyo chini ya nyuzi 7, na meno yake yamekatwa kwa mistari mingi myembamba ya kushika theluji.

Msomaji ataniuliza, theluji yatuhusu nini sisi wa Nyahanga? Yatuhusu kwa sababu magari yaliyotumika hutujia kutoka Japani, na sehemu za kaskazini za nchi hiyo zina theluji nyingi. Gari huweza kufika likiwa bado limevaa matairi ya baridi. Utayajua kwa neno STUDLESS, au kwa picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake si dalili ya kutosha, maana huandikwa pia juu ya matairi ya njia mbovu.

Kwa kuwa meno ya tairi hilo ni marefu, watu hufikiri limefanywa kwa ajili ya tope. Sivyo. Katika joto letu mpira wake hulegea mno, huisha upesi, na juu ya lami iliyolowa huchelewa kulisimamisha gari. Tena ni vibaya mno kulipunguzia upepo, maana mpira laini ukiongezewa kukunjwa huzidi kupata moto. Mwenye matairi hayo, maadamu bado hajapata mengine, na ayawekee upepo kamili wa karatasi, apunguze mzigo na mwendo, ayaepushe na safari ndefu za mchana, na shilingi za kwanza atakazopata azitumie kuyabadili.

5. Mchanga na tope

Wasukuma tangu zamani wameijua ardhi yao na kuipa majina. Juu ya miinuko iko luseni, udongo wa mchanga. Na chini mabondeni iko mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huvimba na kunata. Dereva naye hana budi kuzitambua, maana dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

Katika mchanga mwingi, kupunguza upepo kwafaa kweli. Pikapu tupu iliyokuwa na ratili 30 yaweza kushushwa mpaka ratili 20 hivi katika matairi yote manne, nayo itapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Usishuke chini ya ratili 16, maana tairi laweza kuchomoka katika rimu. Endesha polepole, usizidi kilometa 30 kwa saa, wala usikate kona kwa ghafula. Na gari lenye mzigo mzito lisitolewe upepo hivyo. Kwanza shusha magunia.

Mbuga yenye maji ni shauri jingine. Udongo mweusi huyajaza meno ya tairi mara moja, na tairi likiisha kujazwa ni sawa na kipara. Kupunguza upepo kutakusaidia kidogo tu mahali ambapo tope ni la juu juu. Basi shuka uende kwa miguu na fimbo mkononi. Fimbo ikizama shubiri moja ikakuta ardhi ngumu, waweza kujaribu kupita kwa mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Ikizama mpaka mkononi bila kugonga kitu, rudi, au ungoje jua. Gari likiisha kulalia tumbo lake, hakuna upepo utakaolitoa; utahitaji majembe, matawi ya miti, na mikono ya jirani.

Katika haya yote iko amri moja ambayo twaomba ikumbukwe kuliko nyingine: asiye na pampu asitoe upepo. Upepo uliotolewa njiani ni deni, nalo lapasa kulipwa kabla gari halijagusa lami. Ikiwa huna pampu ya mkono au ya betri ndani ya gari, pamoja na kipimo, na fundi wa pancha yuko mbali, basi huna cha kulipia deni hilo.

6. Maji juu ya lami

Kwa nini deni lilipwe kabla ya lami? Mbali na moto tuliokwisha kuueleza, iko hatari ya maji. Mvua kubwa ikinyesha, maji husimama juu ya barabara. Tairi lapaswa kuyasukuma kando ili lifike chini. Mwendo ukizidi, maji hayapati nafasi ya kukimbia, na tairi hupanda juu yake kama mtumbwi. Hapo usukani hauna kazi, wala breki hazina kazi.

Mwaka 1963 wataalamu wa NASA huko Marekani walitoa kanuni ya jambo hili, waliyoipata kwa kujaribu matairi ya ndege. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake wa hesabu: tafuta kipeuo cha pili cha upepo kwa ratili, kisha uzidishe kwa 16.65, utapata mwendo kwa kilometa ambao tairi laweza kuelea. Upepo wa ratili 36, kipeuo chake ni 6, nao huelea kwenye kilometa 100 kwa saa. Upepo wa ratili 25 huelea kwenye kilometa 83. Upepo wa ratili 16 huelea kwenye kilometa 67 tu.

Tazameni basi. Dereva aliyetoa upepo mchangani mpaka ratili 16, akasahau kuurudisha, akaingia barabara kuu katika mvua kwa kilometa 70, amekwisha kupita mpaka wake. Tena kanuni hii ni ya maji yaliyozidi kina cha meno ya tairi. Kwa tairi kipara, hata maji haba yatosha. Kwa hiyo upepo mzuri haumwokoi mtu mwenye tairi lililokwisha, wala tairi jipya halimwokoi mtu mwenye mwendo wa pupa.

7. Mambo ya kushika

Kwa ufupi, mwenye pikapu na ashike haya:

Kwanza, apime upepo kila juma, alfajiri, kabla ya gari kwenda, wala asilisahau tairi la akiba.

Pili, afuate karatasi ya mlangoni, na aongeze upepo wa nyuma kabla ya kupakia mzigo.

Tatu, apunguze upepo mchangani tu, au penye tope jepesi, gari likiwa halina mzigo, na aurudishe kabla ya lami.

Nne, atazame meno ya tairi. Namna moja rahisi ya kujua kama upepo umefaa ni chaki ya mwalimu. Chora mstari mnene kukata uso wa tairi toka ukingo hata ukingo, kisha endesha hatua chache mahali pakavu palipo sawa. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingo mbili tu, upepo umepungua. Ikifutika sawasawa, umefaa.

Tano, atazame umri wa tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandiko yaanzayo na herufi DOT, ziko tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Basi 3523 maana yake juma la 35 la mwaka 2023. Tairi lililokaa miaka mingi mpira wake hukauka na kupasuka, hata kama meno yake bado ni marefu.

Wazee, walimu, tunawaomba mkayasome haya mbele ya vijana waendeshao magari, na mbele ya wenye mizigo pia. Maana mara nyingi dereva ajua lililo jema, lakini mwenye magunia humharakisha, na abiria humcheka akiinama kupima. Kupima matairi manne hakuchukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Mama yule tuliyemtaja hapo mwanzo, aliyelala nyuma ya pikapu usiku wa mvua, hana nafasi ya kushuka ili ayapime matairi. Aliye na kipimo mkononi na ampimie.